Solo tatu, ki ileile: jibu kwa mpiga gitaa wa kwaya

Swali: Shikamoo mwalimu. Napiga gitaa la solo kwenye kwaya yetu hapa Iringa, na Jumamosi natoka na bendi ya harusi. Nimejifunza skeli (zile ngazi za noti) karibu zote kwenye YouTube, vidole vina kasi, hata wenzangu wanakiri. Ila nikipiga solo kwenye wimbo wa bluzi au roki, watu wanaendelea kupiga soga kana kwamba sipo. Mwezi uliopita mzee mmoja aliyewahi kupiga dansi zamani aliniita pembeni akaniambia, "Kijana, unaongea sana lakini hujasema kitu." Neno hilo limeniuma. Naomba unitajie solo unazozipenda kuliko zote na wapigaji unaowaheshimu, na uniambie nianze na nani.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mzee huyo ukimwona tena mpelekee soda, maana kwa sentensi moja amekuonyesha kitu ambacho mimi nilichukua miaka kukiona. Nitakutajia solo ninazozipenda, na sitakuficha zipi naziweka juu ya nyingine. Lakini nikikupa majina matupu utayakariri yote kwa wiki mbili, kwa kasi yako hiyohiyo, na harusini watu wataendelea na soga zao. Kwa hiyo naanzia pale ninapodhani umekwama.

Wewe umelelewa na sebene, kama wengi wetu tulioshika gitaa upande huu. Ndani ya sebene kazi ya solo ni kuwashika wachezaji wasitoke uwanjani. Kipande kifupi cha noti kinazungushwa, kinarudiwa, kinageuzwa kidogo, gitaa la rizim linakijibu kwa chini, na ukinyamaza hata sekunde tatu watu wanageuka wakidhani umeme umekatika. Franco wa Kongo alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz aliifanya kwa namna ambayo mpaka leo akipigwa redioni naacha ninachofanya. Ni ufundi mkubwa, wala usiuache. Ila ukiuhamishia kwenye bluzi kama ulivyo, unaharibikiwa, kwa sababu kule gitaa limepewa kazi nyingine. Kule gitaa linaitikia.

Chukua bluzi ya kawaida, ile iliyokulia Mississippi na majimbo ya jirani miongoni mwa Wamarekani Weusi. Ubeti una mistari mitatu: mwimbaji anasema mstari, anaurudia, kisha anaufunga kwa mstari wa tatu. Kila mstari una baa nne, yaani vipimo vinne vya mapigo manne manne, jumla baa 12. Sasa hesabu vizuri: sauti huchukua kama baa mbili tu kati ya zile nne. Mbili zilizobaki ni za gitaa. Ni kama bibi anaposema "Paukwa" na watoto wakaitika "Pakawa". Solo ya katikati ya wimbo ni pale yule mwitikiaji anapopewa nafasi naye asimulie, na hata hapo anasimulia kwa mtindo uleule: anasema, anangoja, anasema tena. Mtoto anayepiga kelele za "pakawa" wakati bibi bado anaongea anaikata hadithi. Ndicho mzee alichokisikia kwako.

Kwa hiyo unaanza na B.B. King. Kwa hili sina mjadala.

Riley King alizaliwa Septemba 16, 1925, Mississippi, kwenye mashamba ya pamba. Hizo herufi mbili zilitokana na jina lake la redioni, Blues Boy, alipokuwa mtangazaji wa kituo cha WDIA mjini Memphis. Alikuwa na binamu yake, Bukka White, aliyekuwa akitelezesha chuma juu ya nyuzi mpaka gitaa likalia kama binadamu. King alijaribu kutelezesha kama yeye, akashindwa. Akautafuta mlio ule kwa kidole kitupu: anabonyeza noti moja, kisha anautetemesha mkono mzima kutoka kwenye kifundo, haraka, kama kipepeo aliyetua. Na kuna la pili alilokuwa akilikiri waziwazi, kwamba hawezi kuimba na kupiga kwa wakati mmoja. Akiimba, gitaa linanyamaza. Akimaliza mstari, gitaa linapokea. Hapo ndipo ulipotoka ule mtindo ambao nusu ya wapiga gitaa wa dunia wameuiga. Gitaa lenyewe aliliita Lucille. Mwaka 1949, kwenye ukumbi wa kijiji cha Twist, Arkansas, wanaume wawili walipigana, wakaangusha pipa la mafuta ya taa lililokuwa likitumika kupasha joto, ukumbi ukashika moto. King alishatoka nje, akarudi ndani ya moto kuliokoa gitaa lake. Baadaye aliambiwa ugomvi ulikuwa wa kumgombea mwanamke anayeitwa Lucille. Tangu hapo magitaa yake yote yakawa na jina hilo.

Wimbo wa kuanza nao ni The Thrill Is Gone. Mwenye wimbo wa kwanza ni Roy Hawkins, aliyeurekodi mwaka 1951. King aliurekodi mwaka 1969 akiwa na prodyuza kijana anayeitwa Bill Szymczyk, ambaye ndiye aliyeleta wazo la kuongeza vayolini. Likumbuke jina la prodyuza huyo, tutarudi kwake. Kabla King hajaimba neno lolote, gitaa linatangulia. Sikiliza linavyoanza: noti chache, halafu pumzi. Noti nyingine chache, pumzi. Besi na ngoma wanaendelea na safari yao bila haraka, na yeye wala hajishughulishi kuwajazia. Sauti inapoingia, unagundua kwamba inaendeleza mazungumzo ambayo gitaa liliyaanza. Mwishoni kabisa, vayolini zinapopanda, gitaa linabaki likisema peke yake mpaka wimbo unafifia, na hata pale ambapo mwingine yeyote angepandisha kasi ili aonekane, yeye anazidi kuacha nafasi.

Nilipokuwa na umri kama wako niliazima kaseti yenye wimbo huo. Niliurudisha nyuma mara nyingi mpaka utepe ukaanza kuvuta sauti. Nikaukamata noti kwa noti, nikaenda kwa kiongozi wa bendi niliyokuwa nikipigia kwenye hoteli moja, nikampigia wote bila kukosea. Akanisikiliza, akaniambia, "Sasa weka gitaa chini uniimbie hiyo solo." Sikuweza. Nilijua vidole vinakwenda wapi, lakini sikujua wimbo unasema nini. Alinizuia kugusa gitaa la solo kwa wiki tatu. Nilikuwa napiga rizim tu, na kila jioni kabla ya onyesho ananiimbisha baa nne za King, nipumue pale anapopumua. Nilimchukia kwa wiki mbili za mwanzo. Ya tatu nikaanza kusikia.

Na kama unadhani muziki huu ni wa mbali, jua kwamba B.B. King alikuja mpaka Kinshasa. Septemba 1974 palifanyika tamasha la siku tatu, kuanzia tarehe 22 hadi 24, lililopangwa liende sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi Oktoba 30, lakini muziki haukungoja. Franco na TPOK Jazz walipiga kwenye tamasha hilohilo. Picha za video za King akiwa jukwaani Kinshasa zipo, na The Thrill Is Gone imo. Itazame ukiwa umezima kila kitu kingine. Mtazame uso kuliko mikono. Kila noti anaipitisha usoni kwanza.

Sasa nikufundishe kwa lugha unayoijua. Kwenye kwaya mnasoma sol-fa, sivyo? Basi zile noti tano ambazo YouTube wamekufundisha kwa namba za freti, vile vyuma vya shingoni mwa gitaa, ni la, do, re, mi, so. Hizo tu. The Thrill Is Gone iko kwenye ki, yaani sauti ya msingi ya wimbo, ya B maina, kwa hiyo la yako ni B, na noti zako ni B, D, E, F shapu na A. Shika freti ya saba, zote ziko chini ya mkono wako. Usizipige kama ngazi ya kupanda na kushuka. Chukua mbili tu, so na la. So iko uzi wa pili, freti ya kumi. Ivute mpaka ifike la, halafu ujipime kwa kupiga uzi wa kwanza freti ya saba, maana hiyo ndiyo la yenyewe. Je, zimelingana? Wanafunzi wengi ninaowapokea huvuta uzi wakaishia njiani, noti ikabaki chini kidogo ya mahali pake, na mwalimu wao wa kwaya angewafukuza kwa kuimba hivyo. Sikio la msikilizaji halijui skeli, lakini linajua mtu anayeimba nje ya ki. Hapo ndipo watu wanaporudi kwenye soga.

Nimekuchagulia B maina kwa makusudi, kwa sababu solo nyingine mbili ninazotaka uzikamate ziko kwenye ki hiyohiyo. Msingi ni noti tano zilezile, mkono mahali palepale. Ndipo utakapoona kwamba skeli uliyohangaika nayo si chochote mpaka mtu aseme nayo kitu chake.

Ya pili unaijua tangu utotoni, maana hakuna basi la mkoani ambalo halijawahi kuipiga: Hotel California ya bendi ya Eagles, ya mwaka 1976. Prodyuza wake ni Bill Szymczyk, yuleyule wa The Thrill Is Gone. Muziki wake ulianza na Don Felder, mpiga gitaa wa bendi hiyo, akiwa peke yake kwenye nyumba ya kupanga ufukweni Malibu, akarekodi kwenye kaseti kipande cha majaribio kikiwa na magitaa yake ya mwishoni. Muda mrefu baadaye bendi ilipokuwa studio Miami, Felder na mpiga gitaa mwenzake, Joe Walsh, wakaanza kubuni solo papo hapo. Don Henley, aliyeimba, akawasimamisha. Alitaka ilivyokuwa kwenye kaseti ile. Felder mwenyewe amesimulia kwamba ilibidi ampigie simu mfanyakazi wake wa nyumbani, aitafute kaseti, aicheze mbele ya simu, naye ajifunze upya alichokuwa amekitunga mwenyewe.

Kisa hicho nakipenda kwa sababu kinavunja dhana ambayo wapigaji wengi vijana wanayo, kwamba solo ya kweli lazima itoke kichwani papo hapo. Ile ilitungwa, ikalindwa kama maneno ya wimbo yanavyolindwa. Jaribu kuifikiria Hotel California bila mwisho wake: imekosa ubeti. Sikiliza Felder anavyoanza, Walsh anavyompokea, wanavyokabidhiana kama wazee wawili wanaosimulia jambo moja, kisha wanaungana na kushuka pamoja kwa sauti mbili. Wewe ni mwanakwaya, hiyo unaijua: ni soprano na alto. Na angalia jambo moja la kiufundi. Wimbo una mzunguko wa kodi nane (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), na ndani yake F shapu seveni inakuja mara mbili, nayo ina A shapu. Noti zako tano hazina A shapu. B.B. King angeipita kodi hiyo kwa sauti yake bila kujali sana, lakini hawa wawili wanaifuata: wakiwa pamoja, kila kodi ikija wanataja noti zake. Ndiyo maana solo yao hata ukiipiga peke yako bila bendi, bado unasikia wimbo ukitembea chini yake. Jifunze kipande kile cha pamoja polepole, utajua kodi ni nini kuliko ambavyo chati yoyote ingekufundisha.

Ya tatu ndiyo ninayoiweka juu ya zote kwa upande wa roki: solo ya pili, ile ya mwisho, ya Comfortably Numb ya Pink Floyd, kutoka albamu ya The Wall ya mwaka 1979. Mpigaji ni David Gilmour. Ya kwanza, iliyoko katikati, iko kwenye D meja na inang'aa. Ya mwisho inarudi B maina na giza linaingia. Gilmour amewahi kueleza alivyoipata. Alirekodi solo tano au sita kamili, akaandika kwenye karatasi, baa kwa baa, akiweka alama pale alipopenda, kisha akaziunganisha zile sehemu bora kuwa solo moja. Kwa hiyo ilibuniwa papo hapo na ikatungwa pia, vyote viwili. Unaposikia noti inavutwa, ikafika, ikakaa, halafu ikaanza kutetemeka ikiwa tayari imechelewa, ujue hapo kuna uvumilivu wa mtu anayeijua pumzi. Gilmour hana kasi ya kutisha. Nakuhakikishia wewe una vidole vyepesi zaidi yake. Lakini mwaka 2019 lile gitaa lake jeusi aina ya Stratocaster lilipopigwa mnada New York, lilinunuliwa kwa karibu dola milioni nne, na fedha akazitoa kwa shirika linalopambana na mabadiliko ya tabianchi. Watu hawakuwa wananunua mbao na nyaya. Walilipia zile noti chache.

Zipange tatu hizo kwenye simu yako, zifuatane. King anaongea, Felder na Walsh wanasimulia, Gilmour analia. Msingi ni noti tano zilezile. Mara ya kwanza nilipozipanga hivyo nilikaa kimya muda mrefu.

Umeniuliza pia wapigaji ninaowaheshimu. Kwa kuwa wewe ni mtu wa kwaya, wa kwanza nikutajie mwanamke, na inanisikitisha kwamba vijana wengi wanaopiga gitaa kanisani hawajawahi kulisikia jina lake. Sister Rosetta Tharpe alizaliwa mwaka 1915 Cotton Plant, Arkansas, akakulia kanisani na gitaa mkononi. Strange Things Happening Every Day, aliyoirekodi mwaka 1944, ni wimbo wa Injili, na ndani yake utasikia gitaa ambalo miaka kumi baadaye dunia ililiita rock and roll. Mwaka 1964 televisheni ya Uingereza ilimrekodi Manchester, kwenye stesheni ya reli iliyokuwa imefungwa. Watazamaji walikaa jukwaa moja la stesheni, yeye akiwa jukwaa la upande wa pili wa reli, mvua inanyesha. Amevaa koti, gitaa jeupe la umeme kifuani, akaanza na Didn't It Rain. Solo anayopiga pale ni fupi. Inauma kuliko nyingi ndefu. Mpaka mwaka 2018 ndipo jumba la heshima la rock and roll la Marekani lilipomwingiza, miaka 45 baada ya kifo chake. Hilo bado linanikera. Mwonyeshe mchungaji wenu video hiyo siku atakapokwambia gitaa lako lina kelele za kidunia.

Albert King msikilize kwa ajili ya kuvuta nyuzi. Alikuwa mashoto, akashika gitaa la wa kulia akaligeuza juu chini bila kubadilisha nyuzi, kwa hiyo nyuzi nyembamba zilikuwa juu, na badala ya kusukuma alikuwa akizivuta kuelekea chini kwa nguvu zote za mkono. Ndiyo maana noti zake zinapanda kama mtu anayenyanyua gunia. Tafuta albamu yake ya Born Under a Bad Sign ya 1967. Ukishaizoea, sikiliza Strange Brew ya bendi ya Cream ya mwaka huohuo, utamsikia Eric Clapton akimnukuu karibu neno kwa neno. Kisha sikiliza Let's Dance ya David Bowie, ya 1983: gitaa linaloingia mwishoni ni la kijana wa Texas, Stevie Ray Vaughan, naye analipa deni hilohilo kwa Albert. Vaughan alifariki kwa ajali ya helikopta mwaka 1990. Kuna siku siwezi kumsikiliza, kwa jinsi alivyokuwa bado na mengi.

Clapton mwenyewe? Crossroads ya Cream, iliyorekodiwa jukwaani mwaka 1968, wengi wanaiweka kileleni. Mimi naiheshimu, lakini kwa mtu mwenye tatizo lako ni sumu, maana utachukua kasi yake na kuacha mengine. Ngoja kwanza. Badala yake mchukue Mwingereza mwenzake, Peter Green, mwanzilishi wa Fleetwood Mac. Need Your Love So Bad, ya 1968. B.B. King mwenyewe alisema Green alikuwa na mlio mtamu kuliko wote aliowahi kusikia. Kijana mweupe wa London ya Mashariki aliyejua kunyamaza.

Jimi Hendrix ni somo la mwaka mzima, kwa hiyo nakupa mlango mmoja tu, All Along the Watchtower ya mwaka 1968. Wimbo ni wa Bob Dylan. Solo ya katikati imegawanyika vyumba vinne: kwanza gitaa la kawaida, kisha anatelezesha, kisha gitaa linatamka "wa-wa" kwa pedeli ya mguu, kisha anamalizia kwa kodi, kama rizim. Kodi za wimbo ni tatu na hazibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, lakini yeye kila chumba anabadilisha sauti kabla hujaizoea. Hapo ndipo sebene yako itakusaidia, maana unajua tayari jinsi ya kuishi ndani ya kodi chache zinazozunguka bila kuchosha watu.

Kasi nayo ina mahali pake, nisije nikaonekana naichukia. Eddie Van Halen kwenye Beat It ya Michael Jackson anapiga kwa kasi ambayo mimi siiwezi mpaka leo, lakini ile solo ina mwanzo, ina kupanda, ina mahali inapokwenda. Purple Rain ya Prince iko upande wa pili: ilirekodiwa jukwaani Minneapolis Agosti 3, 1983, na kuna kipande kimoja anachokirudia na kukirudia mpaka kinageuka kiitikio, watu wakaanza kukiimba. Solo inayoimbwa na ukumbi mzima! Brian May wa Queen naye alifanya hivyo kwenye Bohemian Rhapsody, nyuma ya Freddie Mercury wetu, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. May analipigia sarafu gitaa alilolitengeneza kwa mikono na baba yake, kwa mbao zilizotoka kwenye fremu ya meko ya zamani. Solo yake kwenye wimbo ule haikopi wimbo wa mwimbaji hata kidogo, inaleta sauti yake nyingine kabisa, nawe ukiisikia unaweza kuiimba yote.

Kuhusu kazi ya kufanya: kwa mwezi mmoja usijifunze skeli mpya. Rekodi kwenye simu mzunguko wa The Thrill Is Gone, rizim tu, polepole: B maina baa nne, E maina baa mbili, B maina baa mbili, G baa moja, F shapu seveni baa moja, B maina baa mbili. Kila jioni imba kwanza juu yake, gitaa likiwa mapajani, maneno yoyote hata ya kubuni. Kisha imba mstari mmoja, jibu kwa gitaa, kwa noti zisizozidi tano. Pumua unapopiga, pumzi ikiisha na noti ziishe. Usitumie distosheni, ule mkwaruzo wa sauti, wiki mbili za mwanzo, inakuficha makosa ya kuvuta. Jirekodi, usikilize kesho yake, siyo palepale.

Na kwenye kwaya Jumapili hii usipige solo yoyote. Mwimbishaji akiimba mstari, kaa. Akimaliza, waitikiaji wakawa wanavuta pumzi, pana nafasi ndogo pale, kama nusu baa. Weka noti mbili, so iliyovutwa ikafika la, uiache ife yenyewe. Mstari unaofuata usiweke kitu. Ukiona mwimbishaji amegeuka kukutazama, hapo jumapili ya pili ongeza noti ya tatu.